Kazi ya ustawi wa jamii kwa Viziwi na wasiosikia vizuri: uanzie wapi, upitie wapi

Ukijitambulisha kwenye jumuiya ya Viziwi kuwa unasomea ustawi wa jamii, watu hawataanza na chuo chako. Wataanza na lugha: unajua lugha ya alama? Umefundishwa na nani? Unamfahamu nani hapa? Majibu yako ndiyo yataamua kama watakueleza mambo yao ya ndani au watakujibu kwa adabu tu kisha waende zao. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatanguliza lugha kabla ya cheti, ingawa cheti nacho hukiepuki.

Nimemwandikia anayesikia na Kiziwi pia. Kiziwi anayeitaka kazi hii ameshatangulia hatua kadhaa ambazo mwenzake atazitolea jasho, lakini vikwazo vyake ni vya namna nyingine. Nitavigusa tukifika mahali pake.

Hatua ya 1: Wajue utakaowahudumia

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma. Shirikisho la Viziwi Duniani, kwa upande wake, linazungumzia Viziwi zaidi ya milioni 70 na lugha za alama zaidi ya 300. Pengo hilo lina maana kubwa kwa kazi yako: wengi wa utakaokutana nao hawasikii vizuri lakini hawajui alama hata moja, wala hawajihesabu kuwa Viziwi. Ukimpelekea mkalimani wa lugha ya alama mzee wa miaka 70 ambaye usikivu wake umeanza kupungua karibuni, umemletea mtu wa pili asiyeelewana naye.

Mzee huyo anahitaji mengine. Chumba kisicho na kelele, uso wako kwenye mwanga, maandishi makubwa, labda msaada wa kupata shimesikio (kifaa cha kumsaidia kusikia) na muda wa kulizoea. Anahitaji pia mtu wa kuzungumza naye kuhusu alichopoteza, maana aliyesikia miaka 50 kisha akaacha kusikia anaomboleza. Familia mara nyingi hudhani amekuwa mkaidi, au akili imeanza kuchoka, kumbe hakulisikia swali.

Kiziwi aliyekua na lugha ya alama ni habari nyingine kabisa. Kwake uziwi si msiba. Shida anazokuja nazo ni zilezile za kila mtu: ndoa, kodi ya nyumba, mtoto anayesumbua shuleni, kufukuzwa kazi. Tofauti ni kwamba kila mlango anaobisha unafunguliwa na mtu asiyejua lugha yake. Ukimpokea kama mgonjwa, umeshamkosa.

Halafu wapo watoto. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya watoto Viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wazazi hao hawajawahi kumfahamu Kiziwi yeyote maishani. Utaratibu unaofuatwa na huduma nyingi za uchunguzi wa watoto wachanga ni mwezi 1, miezi 3, miezi 6: mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, majibu kamili yapatikane kabla ya miezi mitatu, na huduma zianze kabla ya miezi sita. Haraka hiyo ina sababu. Ubongo wa mtoto unadai lugha katika miaka ya mwanzo, na hausubiri wazazi wamalize kushangaa. Daktari atazungumzia masikio na vifaa. Wewe ndiye utakayeuliza, wakati huohuo, mtoto huyu anapata lugha gani leo nyumbani, na utakayewakutanisha wazazi na Viziwi watu wazima wenye kazi na familia zao. Mkutano mmoja wa namna hiyo hutuliza hofu kuliko vipeperushi kumi.

Wapo pia Viziwi wasioona. Ugonjwa wa Usher humfanya mtu azaliwe akiwa Kiziwi au asiyesikia vizuri, kisha uoni wake hupungua taratibu, kwanza gizani na pembeni. Kijana Kiziwi anayejikwaa jioni, anayegonga vitu vilivyo kando yake, au anayekataa ghafla kutoka usiku, usimwandike kuwa mzembe. Mpe rufaa ya kupimwa macho.

Na yupo mtu mzima ambaye hakuna aliyewahi kumpa lugha kamili. Alifichwa nyumbani, au alisoma mahali palipomkataza kutumia mikono. Makatazo hayo yana historia: mkutano wa walimu wa Viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliazimia kwamba Viziwi wafundishwe kwa matamshi badala ya alama, na ni mwaka 2010 tu, kwenye mkutano uliofanyika Vancouver, ndipo maazimio hayo yalipokataliwa rasmi. Kwa hiyo mzee Kiziwi akikutazama kwa mashaka siku ya kwanza, usimlaumu.

Hatua ya 2: Anza lugha ya alama sasa, usisubiri kuhitimu

Lugha ya alama si moja duniani. Ya Wamarekani ina undugu na ya Wafaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu Kiziwi kutoka Ufaransa, alishiriki kuanzisha shule ya Viziwi huko Hartford mwaka 1817. Mwingereza na Mmarekani wanaosoma kitabu kimoja hawaelewani kwa alama. Hata alfabeti ya vidole mmoja anaiandika kwa mikono miwili, mwingine kwa mmoja. Jifunze ile inayotumiwa na Viziwi wa mahali utakapofanya kazi, na uwe mwangalifu na video za kwenye intaneti, maana nyingi ni za lugha ya kwingine.

Tafuta mwalimu Kiziwi. Anayesikia anaweza kukufundisha orodha ya alama, lakini Kiziwi atakufundisha namna ya kuitana, namna ya kupita katikati ya watu wawili wanaozungumza, namna ya kuaga (kuaga Viziwi huchukua muda, jiandae), na zaidi ya yote atakufundisha uso. Mwaka 1960 mtafiti William Stokoe alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba alama zina muundo wake kama lugha yoyote, na sehemu kubwa ya sarufi hiyo iko kwenye nyusi, macho, mdomo na mabega. Katika lugha nyingi za alama, swali la ndiyo au hapana huulizwa kwa kuinua nyusi. Sasa fikiria unamhoji binti aliyefanyiwa ukatili. Mikono yako ni sahihi lakini uso wako umetulia. Ulichokusudia ni "Alikupiga?" na anachokiona ni "Alikupiga." Umemwekea jibu mdomoni, na ushahidi wake umeharibika kabla haujaandikwa.

Kozi za mwanzo hufundisha rangi, wanyama na siku za juma. Mwombe mwalimu akufundishe mapema msamiati wa kazi: hedhi, mimba, talaka, urithi, deni, kubakwa, kujiua, dawa, mahakama, siri. Mjifunze na namna zisizo rasmi ambazo watu huzitumia kwa mambo hayo, kwa sababu mteja hataongea kama kitabu.

Hesabu miaka, si miezi. Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, unamwelewa Kiziwi anayelia, anayeongea haraka, kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine umebeba mtoto? Kama bado, unaweza kusalimia, kupanga miadi na kumtuliza mtu kwa lugha yake, na hilo si dogo. Mahojiano mazito yafanye ukiwa na mkalimani.

Hatua ya 3: Somea ustawi wa jamii wenyewe

Kujua alama hakukufanyi kuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Unahitaji mafunzo kamili: cheti au stashahada kwa kazi za msaada, shahada kwa nafasi nyingi za kushika mashauri, shahada ya uzamili kwa kazi za unasihi wa kitaalamu na usimamizi. Nchi nyingi zina baraza au bodi inayosajili watendaji, kwa hiyo kabla ya kulipa ada uliza kama programu unayoitaka inatambuliwa nayo. Ukipewa nafasi ya kuchagua masomo, chukua ulinzi wa mtoto, afya ya akili, sheria ya familia na unasihi.

Kipo chuo kinachofundisha fani hii kwa lugha ya alama hadi uzamili: Chuo Kikuu cha Gallaudet, mjini Washington, kilichoanzishwa mwaka 1864. Wanafunzi wake waliandamana Machi 1988 wakidai rais wa chuo awe Kiziwi, wakampata I. King Jordan. Naitaja habari hiyo kwa sababu ni kumbukumbu muhimu kwa anayekwenda kuwahudumia watu hawa: wana desturi ndefu ya kujisemea wenyewe.

Kama wewe ni Kiziwi, omba mkalimani na mwandishi wa muhtasari kwa barua kabla muhula haujaanza, na baki na nakala. Omba pia mkalimani yuleyule kwa somo zima, ili mkubaliane alama za istilahi mara moja badala ya kuanza upya kila wiki. Taja kwenye barua hiyo mafunzo kwa vitendo, maana vyuo vingi hupanga ukalimani wa darasani na kusahau kwamba utapelekwa hospitali na vijijini. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inagusa elimu ya juu pia. Itaje kwa jina kwenye barua.

Hatua ya 4: Chagua kwa makini mahali pa mafunzo kwa vitendo

Pendelea mahali penye wafanyakazi Viziwi hata kama jengo ni duni. Kama msimamizi wako hajui alama, omba awepo mshauri wa pili ambaye ni Kiziwi, hata kama ni wa kukutana naye mara moja kwa wiki mbili. Atakuonyesha makosa ambayo msimamizi wako hawezi kuyaona.

Hatua ya 5: Jifunze kufanya kazi na mkalimani

Hii ni stadi, na wengi huidharau. Kabla mteja hajaingia, mweleze mkalimani aina ya mazungumzo yatakayofanyika na maneno magumu yatakayojitokeza. Mketishe kando yako, nyuma kidogo, ili mteja awaone nyote kwa mtazamo mmoja. Dirisha liwe mbele yako, lisiwe mgongoni, kwa sababu likiwa nyuma uso wako unageuka kivuli.

Mtazame mteja na uzungumze naye yeye. Usiseme "mwambie kwamba...". Sema "ulifika lini?" na macho yako yabaki kwake ingawa sauti inatoka kwa mtu mwingine. Ukimwonyesha karatasi, nyamaza mpaka amalize kuisoma, kwani hawezi kusoma na kutazama alama kwa wakati mmoja. Mkalimani mmoja akifanya kazi mfululizo, usahihi hupungua baada ya dakika 20 hadi 30, hivyo panga mapumziko au wakalimani wawili wa kupokezana.

Mkalimani si msaidizi wako. Usimwulize pembeni, "Wewe unaonaje, anasema kweli?" Usimwachie kazi ya kumtuliza mteja wakati wewe umetoka kujibu simu. Na kabla ya kumwita, muulize mteja kama anamkubali. Kwenye jumuiya ndogo huenda mkalimani pekee aliyepo ni shemeji wa mume anayelalamikiwa.

Usimtumie mtoto kama mkalimani. Nasisitiza hili kwa nguvu zangu zote. Mtoto wa miaka tisa hatakiwi kumtafsiria mama yake majibu ya vipimo, wala kumweleza afisa jinsi baba alivyopiga. Hata jirani au ndugu mtu mzima, ambaye nia yake ni njema, huchuja. Husema anachoona kinafaa kusemwa.

Kwa yule asiye na lugha kamili, mkalimani anayesikia peke yake hatoshi. Mwite mkalimani Kiziwi, yaani Kiziwi aliyefundishwa kupokea alama rasmi na kuzigeuza kuwa ishara, michoro, maigizo na vitu vinavyoshikika. Kazi inakwenda polepole sana. Mahojiano ya saa moja yanaweza kuchukua asubuhi nzima, na hiyo ndiyo hali yake. Panga ratiba kwa kulijua hilo.

Hatua ya 6: Rekebisha namna unavyofanya tathmini

Fomu nyingi za tathmini ziliandikwa kwa ajili ya wanaosikia, na makosa yake yanaweza kumpeleka mtu wodi ya wagonjwa wa akili au kumwondolea mzazi mtoto wake.

Usitegemee usomaji wa midomo. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya kitu kilekile mara zote tatu. Anayesoma midomo anabahatisha kwa kutumia muktadha, na akichoka au akiogopa anabahatisha vibaya zaidi.

Usitegemee maandishi pia mpaka umemuuliza. Kwa Viziwi wengi, lugha inayoandikwa ni ya pili, na wengine walinyimwa shule bora. Unampa fomu ya ridhaa, anaipitisha macho, anaitikia kwa kichwa, anatia sahihi. Kule kuitikia mara nyingi kuna maana ya "nakufuata, endelea", si "nimekubali". Muombe akueleze yeye: kesho asubuhi utakwenda wapi, utachukua nini, ukiona damu utafanya nini? Majibu yake yatakuonyesha kilichoingia na kilichobaki hewani.

Kwenye afya ya akili, swali la "unasikia sauti?" ni mtego. Mwenye usikivu kidogo atajibu ndiyo akimaanisha honi za magari. Alama kubwa na uso uliochangamka ni msisitizo wa kawaida wa lugha, usiziandike kuwa hasira au kurukwa na akili. Kuhusu aliyekosa lugha utotoni, kutokujua tarehe, au kushindwa kupanga kisa tangu mwanzo hadi mwisho, kunaweza kutokana na ukosefu huo na si ugonjwa. Andika hivyo waziwazi kwenye ripoti, pamoja na lugha iliyotumika, nani alikalimani na kwa muda gani. Atakayesoma faili baada yako anahitaji kujua majibu hayo yalipatikanaje.

Kwenye mashauri ya watoto, ishike Ibara ya 23 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu niliokwisha kuutaja: mtoto hatenganishwi na wazazi kwa sababu ya ulemavu wake au wa wazazi. Mtu akiandika "mama ni Kiziwi, hatasikia mtoto akilia usiku", jibu ni kumtafutia mama kifaa cha kuwasha taa au kutikisa mto mtoto anapolia. Vifaa hivyo vipo.

Hatua ya 7: Tafuta kazi mahali ilipo

Nafasi zenye neno "Viziwi" kwenye tangazo ni chache: shule za Viziwi, vyama vya Viziwi, kliniki za usikivu, mashirika ya watu wenye ulemavu. Wengi huanzia kwingine, kwenye ofisi za ustawi wa jamii, hospitali, nyumba za wazee, makazi ya muda ya waliokimbia ukatili, madawati ya wanafunzi wenye ulemavu vyuoni. Viziwi wanapita kote huko, ila hawaonekani kwa sababu hakuna anayewaelewa. Kwenye barua ya maombi eleza kiwango chako cha alama kwa ukweli, taja aliyekufundisha na aina ya mashauri unayoweza kuyashika bila mkalimani.

Kuna hatari moja ya kuizuia mapema. Ofisi ikijua unajua alama, utaitwa kukalimani kwa daktari, kwa polisi, kwa mhasibu, na mashauri yako mwenyewe yatalala. Zaidi ya hapo, mteja hataelewa leo wewe ni nani kwake. Kubaliana na mkuu wako kwa maandishi kwamba wewe ni afisa ustawi wa jamii, na kwamba ofisi itatenga fedha za wakalimani. Kama wewe ni Kiziwi, uliza kwenye usaili wenyewe ni nani atalipia mkalimani wa vikao vya wafanyakazi, na usikubali jibu la "tutaona".

Hatua ya 8: Weka mipaka na linda siri

Jumuiya ya Viziwi ni ndogo na habari husafiri haraka. Utakutana na mteja wako kwenye harusi, kwenye mechi, kwenye ibada ya lugha ya alama. Katika kikao cha kwanza kabisa mkubaliane: tukionana nje, nikusalimie au nijifanye sikujui? Wengine watataka usalimie, wengine hawatataka, na uamuzi ni wao. Mfanyakazi Kiziwi hulibeba hili zaidi, kwa kuwa wateja ni watu aliosoma nao na majirani zake. Shauri la mtu wa karibu mkabidhi mwenzako, na kama mwenzako hajui alama, mletee mkalimani kutoka mbali.

Angalia pia mahali mnapozungumzia. Alama huonekana kupitia kioo cha mlango na dirisha la ghorofa ya pili, na Kiziwi aliyeketi upande wa pili wa chumba cha kusubiri anaweza kusoma kila kitu. Weka pazia.

Na simu. Wateja wengi watakutumia video za alama, kwa sababu ndiyo lugha yao. Ujumbe wa maandishi unaweza kufichwa jina, lakini video ina sura ya mtu, nyumba yake, pengine na majeraha yake. Tumia simu ya kazi tu. Mwambie mteja video zake zinahifadhiwa wapi, nani mwingine anaweza kuziona, na zitafutwa lini. Kama video ina jambo litakalohitajika mahakamani, mweleze kabla hujaihamishia kwenye faili, umpe nafasi ya kuuliza, na uandike tarehe aliyokubali.